Sato wamekufa alfajiri ilhali mchana oksijeni ilikuwa nzuri

Mfugaji wa vizimba, Mwanza:
Ndugu zangu, nafuga sato kwenye vizimba katika ghuba moja ya Ziwa Victoria. Juzi saa tisa alasiri nilipima oksijeni karibu na uso wa maji nikapata miligramu 9 kwa lita, nikalala nikiamini mambo ni shwari. Kulipopambazuka nilikuta sato wakubwa wanaelea matumbo juu, na waliobaki wanatwetea hewa. Maji ni ya kijani kizito kama rangi iliyomwagika, na kwa siku tatu hakuna upepo. Je, kifaa changu ni kibovu? Na majirani wanaochota hapo wakichemsha maji, watakuwa salama?

Mpimaji wa maji:
Pole sana kwa hasara hiyo, ndugu. Yumkini kifaa ni kizima, ila saa uliyopimia ndiyo iliyokupotosha. Mwani, yaani viumbe vidogo vinavyofanya maji yawe kijani, hutengeneza oksijeni jua likiwaka, hata alasiri kipimo kikapanda kupita kiasi. Usiku mwani wenyewe, samaki, na bakteria wanaoozesha mabaki wote huvuta oksijeni ile ile, nayo hufikia kiwango cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Pima saa kumi na moja alfajiri, tena usiishie juu, bali teremsha kifaa mita moja moja hadi karibu na tope, kwa sababu bila upepo maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Ukikuta chini ya miligramu 3, sitisha chakula.

Muuguzi wa kijiji:
Nisisitize hilo la kuchemsha, maana nimeona wengi wanalitegemea. Kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu, lakini hakuondoi mikrosistini, sumu ya baadhi ya bakteria wanaofanya maji yawe kijani hivyo. Joto hupasua seli zao na kuiachia sumu majini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya siku zote ni mikrogramu 1 tu kwa lita, ambayo macho hayaioni. Tafadhali wachote kwingine, na sampuli ipelekwe maabara.

Mvuvi mstaafu:
Tengeneza sahani ya Secchi, kifaa cha kupimia uwazi wa maji: duara la sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupokezana, lenye kamba iliyopimwa. Iteremshe upande wa kivuli wa mtumbwi hadi isionekane, uandike kina. Miaka ya 1920 ilionekana hadi mita 7 hivi kwenye maji ya wazi ya ziwa hili, kabla mbolea, udongo wa mashambani na majitaka ya miji havijaulisha mwani kiasi hiki. Pima kila wiki, mahali pale pale, saa ile ile.

Mfugaji wa vizimba, Mwanza:
Ahsanteni. Leo alfajiri: juu miligramu 2.4, mita tatu chini 0.9. Sahani, niliyoikata kwenye kifuniko cha ndoo nikaifunga jiwe, ilipotea kwenye sentimita 60. Nimesitisha chakula, na akina mama wanachota kisima cha shuleni.