Wakishinda wenye vilemba, tuhesabu kura au tuzifute?

Kiberiti
Wakuu, jana usiku nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa mezani, na hatukumaliza. Nawaleteeni.

Algeria, Desemba 26, 1991. Uchaguzi wa kwanza wa bunge wenye vyama vingi tangu Mfaransa aondoke 1962. FIS, ile harakati ya Kiislamu ya Abbassi Madani na Ali Belhadj, ikafagia duru ya kwanza. Duru ya pili ilipangwa Januari 16. Siku tano kabla yake Rais Chadli Bendjedid akajiuzulu, wanajeshi wakashika usukani, uchaguzi ukafutwa. Machi chama chenyewe kikavunjwa. Kilichofuata mnakijua: karibu miaka kumi ya kuchinjana, waliokufa wanakadiriwa 150,000 hadi 200,000.

Shemeji anasema ule wizi wa kura ndio uliozaa damu. Mimi nasema jeshi lilikuwa sahihi. Belhadj alikuwa akihubiri hadharani kwamba demokrasia ni ukafiri. Sasa mtu anayekwambia mlango wako ni haramu, unamfungulia wa nini? Akishaingia ataukomea kwa ndani. Kura si pilau ya harusi kwamba kila mwenye kanzu asogee. Watu wa Mombasa wanaijua habari hii, maana 1992 nao walitaka chama chao cha msikiti, Moi akawanyima, na mpaka leo wanaishi kwa amani.

Mzee Kipara
FIS walipata asilimia 80 ya wananchi. Asilimia 80 huwezi kuifuta kwa bunduki. Kama wananchi wanataka kujiharibia, waache wajiharibie, nchi ni yao.

Bin Kisauni
Nimesoma mpaka mstari wa mwisho nikaweka simu chini, nikatoka nje, nikarudi.

Chama cha msikiti? Nani kakwambia? IPK, yaani Islamic Party of Kenya, kilinyimwa usajili kwa ajili ya jina lake. Waliokuwa wakijaa Mwembe Tayari kumsikiliza Sheikh Khalid Balala hawakwenda kufunzwa kutawadha. Walikwenda kwa sababu ya ardhi, vitambulisho na kazi za bandarini wapewazo wageni. Walipokataliwa chama wakagombea kwa mlango wa FORD-Kenya, chama cha upinzani. Sheikh mwenyewe baadaye akakwama Ujerumani, serikali yake haitaki kumpa pasipoti.

Na hiyo "amani" yako. Nilikuwa na miaka tisa. Mamangu alikuwa akiloweka leso kwenye ndoo aizibe chini ya mlango, moshi wa mabomu ya machozi usiingie. Amani gani hiyo ya kulala na leso mbichi mlangoni?

Kiberiti
Pole ya leso, ndugu yangu. Lakini jina lilikuwa Chama cha Kiislamu cha Kenya. Halikuwa Chama cha Wavuvi.

Bin Kisauni
Na chama cha Merkel chaitwaje? Umoja wa Kidemokrasia wa Kikristo. Katawala Ujerumani miaka 16. Nani alipeleka vifaru Berlin?

Kiberiti
Ile "Kikristo" ni jina tu. Wajerumani siku hizi hata kanisani hawaendi.

Bin Kisauni
Kumbe. Kwao ni jina, kwetu ni hatari. Ahsante mwalimu, nimeandika daftarini.

Fundi Saa
Mnisamehe kuingilia ugomvi wa watu. Mzee Kipara, ile asilimia 80 ni ya viti, wala si vyote. Duru ya kwanza ilimaliza viti 231 kati ya 430, na FIS walichukua 188. Hapo ndipo unapata 80 na ushei. Kwa watu ni hadithi nyingine. Waliojiandikisha walikuwa milioni 13 na kitu, FIS ikapata kura milioni 3.2. Ni kama robo ya wenye haki ya kupiga kura. Watu wapatao wanne katika kila kumi hawakutokea kabisa.

Sasa sikilizeni uhondo wenyewe. FLN, chama tawala cha tangu uhuru, kilipata kura milioni 1.6 na viti visivyofika 20. FFS, chama cha upinzani cha Hocine Aït Ahmed, ilipata kura nusu milioni hivi, na viti 25! Mara tatu ya kura, viti pungufu. Na mipaka ya majimbo ilichorwa na nani? FLN wenyewe, ili wajipendelee. Walichimba shimo, wakapima kina chake kwa miguu yao.

Mzee Kipara
Fundi, hesabu zako nzuri ila umenivua nguo mbele ya watoto.

Dada Mwalimu
Nimengoja mtu ataje wanawake, naona mko Mwembe Tayari na Berlin.

Kila mara jeshi linapofuta uchaguzi wa namna hii tunaambiwa linawalinda wanawake. Basi mjue sheria ya familia ya Algeria, ile iliyomfanya mwanamke mtu mzima ahitaji walii ndipo aolewe, ilipitishwa Juni 1984 na bunge la chama kimoja cha FLN. FIS ilikuwa haijazaliwa. Wanawake walioandamana kuipinga wakati ule waliandamana dhidi ya hao hao walinzi wao wa baadaye, waliovaa suti na kunyoa ndevu vizuri.

Sisemi FIS walikuwa malaika. Ningekuwa Alger mwaka ule ningeogopa, tena sana. Lakini Januari 2, 1992, Aït Ahmed aliitisha maandamano, barabara za Alger zikajaa watu, wanawake kwa wanaume. Walisema hawataki dola ya polisi na hawataki dola ya wenye siasa kali. Na walitaka duru ya pili iendelee, wakapambane na FIS kwenye sanduku. Hao ndio waliokuwa na jibu la swali la Kiberiti, nao ndio waliosahaulika kwanza. Wenye bunduki na wenye ndevu wote walifurahi kuwaona wametoweka.

Mzee Kipara
Ndevu zina kosa gani sasa? Mimi kichwani sina kitu, kidevuni ndiko nilikobakiza. Mnataka niende wapi?

Mwana wa Wete
Nyie watu wa bara mnapanda ndege mpaka Algeria kutafuta uchaguzi uliofutwa. Oktoba 28, 2015 mlikuwa wapi? Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, alikaa mbele ya kamera, peke yake, akasoma karatasi, uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Kura zilikuwa zishapigwa, zishahesabiwa majimboni, watu washabandikiwa matokeo. Machi 20 wakarudia, CUF, chama chetu cha upinzani, wakasusa, akashinda Shein wa CCM kwa asilimia 91. Asilimia 91, Mzee Kipara! Hiyo je, Fundi Saa nayo aipimie?

Na CUF miaka yote iliitwaje? Chama cha udini, chama cha Mwarabu anarudi. Kwetu Pemba mtu anayetaka bomba la maji akishapigia upinzani kura basi yeye ni siasa kali.

Kiberiti
Mwana wa Wete, usiniletee Zanzibar hapa, haihusiani kabisa. Mada ni vyama vya DINI. CUF haikuwa chama cha dini, kilikuwa na Wakristo kibao. Halafu kwetu Tanzania sheria ya vyama ya 1992 inakataza chama cha dini, kwa hiyo swali lenyewe halipo.

Mwana wa Wete
Umejijibu. Haikuwa chama cha dini, ikafutiwa vilevile. Basi dini ilikuwa ya nini?

Bin Kisauni
Mpigieni makofi huyu.

Kiberiti
Haya, mnataka Algeria iishe tuhamie kwingine? Misri. Morsi, mtu wa Udugu wa Kiislamu, alishinda urais Juni 2012 kwa asilimia 51.7. Hata miezi sita haijatimia, Novemba, akatoa tamko kwamba mahakama haziwezi kugusa amri zake. Nilisema nini kuhusu kukomea mlango? Na Wapalestina wa Gaza na Ukingo wa Magharibi, Januari 2006, Hamas viti 74 kati ya 132. Nitajieni uchaguzi mwingine wa bunge la Palestina tangu siku ile. Nasubiri.

Mwana wa Wete
Ya Gaza usiifungue usiku huu, hatutalala.

Fundi Saa
Kiberiti, kwa Morsi uko sawa juu ya lile tamko, hata waliompigia kura wengi liliwachoma. Ila ulikatisha hadithi mahali panapokufaa. Julai 3, 2013 jeshi likamtoa. Agosti 14 pale Rabaa, Cairo, wafuasi wake wakauawa kwa mamia ndani ya siku moja. Yeye akafia mahakamani 2019. Mlango ulioogopa utakomewa, umekomewa na nani?

Na Tunisia umeiruka. Ennahda, chama cha Kiislamu, walipata viti 89 kati ya 217 mwaka 2011. Nchi ilipochafuka wakaachia serikali Januari 2014, katiba ikapita, mwaka ule ule wakashindwa uchaguzi na Nidaa Tounes wakakubali. Bunge la Tunisia lilifungwa Julai 2021, na aliyelifunga ni Kais Saied, mwalimu wa sheria ya katiba. Hana ndevu hata moja.

Mzee Kipara
Sawasawa! Ndevu zimesafishwa.

Dada Mwalimu
Mzee, ndevu zako zimeshakuwa mada kuu kuliko wanawake wa Algeria. Hongera.

Mpishi wa Montréal
Mtaniwia radhi, Kiswahili changu ni cha Bukavu. Nimewasoma toka mwanzo. Jikoni kwetu kuna Mualgeria, tumeosha vyungu pamoja miaka sita. Siku moja nilimuuliza kama familia yake ilipigia FIS. Akacheka. Akasema nyumbani walikuwa wavulana saba katika vyumba viwili, wanalala kwa zamu. Wa mchana anaamka, wa usiku anaingia kwenye godoro lingali na joto. Mchana kutwa wanaegemea ukuta wa mtaa. Wana neno kabisa kwa vijana wa namna hiyo, "hittiste", mtu wa ukutani. Mwaka 1989 tetemeko lilipopiga Tipaza, FIS ndio waliofika na mahema na blanketi kabla ya serikali. Kakake mkubwa akawapigia kura kwa ajili ya blanketi, si kwa ajili ya Belhadj.

Nikamuuliza, jeshi lilifanya vizuri? Akaniambia kakake alichukuliwa usiku mmoja 1994, hajarudi. Na mjombake, mwalimu wa Kifaransa, alichinjwa na vijana wa GIA, wapiganaji wa Kiislamu, njiani akitoka shule. Halafu akanipa sufuria, akasema hiyo haijatakata, rudia.

Kiberiti
Pole kwa rafiki yako. Kwa hiyo yeye alisema ndiyo au hapana?

Mpishi wa Montréal
Nimekuandikia alichosema.

Bin Kisauni
Huyu Kiberiti ana roho ya karani. Na huyo shemeji yake, jamaa mwenye akili zake, mbona hatumsikii? Au amefutwa naye kama duru ya pili?

Shemeji Mwenyewe
Nipo. Kwanza mimi si jamaa, ni mdogo wake mke wa Kiberiti. Nyote mmenifanya mwanaume bila hata kuuliza, Dada Mwalimu peke yake aliyenyamaza. Pili, chai haikupoa. Aliinywa yake akainywa na yangu.

Tatu, sikusema hayo aliyonisemea. Nilimuuliza swali moja, hakulijibu, akakimbilia huku. Sheria ya vyama ya Algeria ya 1989 ilishakataza chama kujengwa juu ya dini peke yake. FIS wakaomba usajili, Septemba mwaka ule ule wakapewa. Juni 1990 wakashinda serikali za mitaa, mamia ya manispaa, hakuna aliyefuta. Waliachiwa mitaro, takataka na maji yasiyotoka. Walipokaribia hazina na wizara ya mafuta ndipo ikakumbukwa kwamba ni hatari kwa demokrasia. Nikamwambia Kiberiti: hatari hii iliyongoja miaka miwili na nusu, ilikuwa inangoja nini?

Akasema anakwenda kufunga geti.

Kiberiti
Geti lilikuwa wazi kweli.

Dada Mwalimu
Shemeji, karibu ukumbini. Ila na mimi nina swali kwako. Wangepewa hiyo hazina, wewe na mimi tungekuwa tunaandika haya?

Shemeji Mwenyewe
Sijui, dada. Hilo nililikosea usingizi. Ndiyo maana nasema wale wa Januari 2 wangeachiwa wajaribu.

Fundi Saa
Nyongeza ndogo. Mahfoud Nahnah wa hapo hapo Algeria, naye sheikh mwenye chama cha Kiislamu, chama chake hakikuvunjwa. Baadaye kikaingia serikalini kikapewa mawaziri. Kwa hiyo hata majenerali hawakuwa na shida na kilemba, ilitegemea kilemba kimeelekea wapi.

Mzee Kipara
Fundi, umeanza tena. Mimi nalala. Swali lilikuwa nini vile?

Kiberiti
Kama kura zihesabiwe au zifutwe.

Mwana wa Wete
Muulize Jecha.

Bin Kisauni
Kabla hamjalala. Kiberiti bado hajafuta neno "chama cha msikiti" pale juu. Naona limekaa tu. Mie nipo, sina haraka, kesho ni Jumapili.