Baba anasafishwa damu, na mashine ya SHA haisomi vidole vyake. Tufanyeje?

BintiKilifi:
Habari zenu wapendwa. Babangu ana miaka 71, figo zimefeli, na anasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Mchango wake wa SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, nimeulipa wa mwaka mzima, na nikiangalia kwenye simu akaunti iko hai. Shida ni vidole. Mzee amekata mawe kwenye timbo tangu ujana, kwa shoka, kabla ya hizi mashine za kukatia kuja. Ngozi ya vidole imekuwa ngumu na inateleza kama kigae, mistari imefutika.

Mwanzoni namba ilikuwa inatumwa kwa simu, naisoma, karani anaiandika, mzee anaingia. Sasa ni alama za vidole. Alhamisi aliweka gumba, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Akahamia mkono wa kushoto, hivyo hivyo. Karani akasema mfumo usipokubali hawezi kufungua faili, tulipe taslimu au turudi siku nyingine. Kipindi kimoja ni shilingi 10,650, na mimi nauza nguo za mitumba. Tukarudi nyumbani. Usiku miguu ilivimba, na mzee alilala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi inakatika.

Mimi naunga mkono kuzuia wizi. Mwaka 2025 tulisikia hospitali zikifungiwa kwa tuhuma za kudai malipo ya wagonjwa hewa, na pesa zile ni zetu. Lakini babangu si hewa. Alikuwa pale kaunta, kitambulisho mkononi, na wauguzi wa kule ndani wanamjua kwa jina. Nani amepitia hili, na nini kilimsaidia?

Karani_Rekodi:
Pole sana dada, na mzee mpe pole. Mimi niko kaunta kama hiyo, kaunti nyingine. Wazee wa mashamba, wavuvi, akina mama wanaosuka makuti, wote tunahangaika nao kwa vidole. Kwetu tunawanawisha kwa maji ya uvuguvugu, tunakausha, tunapaka mafuta ya kujipaka kidogo sana na kuyafuta. Kile kioo nacho tunakipangusa, maana jasho la aliyetangulia linabaki pale. Halafu jaribuni cha pete na cha mwisho. Mtu wa shoka huchakaza gumba na shahada kwanza. Ila kidole ambacho hakikusajiliwa mfumo hauwezi kukitambua, kwa hiyo ulizia ni vidole gani vilisajiliwa, na ikibidi asajiliwe upya.

Na usikubali neno "rudini". Mwambie karani aripoti kwa afisa wa SHA wa kaunti mkiwa mmesimama hapo hapo, na akuandikie kwamba mgonjwa alifika, saa ngapi, na mfumo ulikataa.

Baba Rehema:
Binti yangu, mimi pia nasafishwa damu, tangu enzi za NHIF, bima iliyokuwepo kabla ya SHA, kipindi kikiwa shilingi 9,500. Kwa wengine mnaosoma hapa: kujisajili SHA bila kulipa kunakupa matibabu ya zahanati na kituo cha afya tu. Kusafishwa damu kunatoka kwenye mfuko wa bima, lazima mchango uwe umelipwa. Nilimwona jirani yangu akirudishwa kwa hilo, akidhani amejisajili basi yamekwisha. Wewe umelipa, hapo una nguvu ya kusema.

Muuguzi_Pwani:
Dada, kabla ya vidole, huyo mzee. Kuvimba na kushindwa kulala chali maana yake maji yamejaa mwilini na huenda yamefika mapafuni. Usingoje Jumatatu. Mpeleke leo, na usipitie kaunta ya usajili, nenda moja kwa moja mapokezi ya dharura. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kitaje hivyo hivyo, kwa adabu, kwa sauti ya kusikika.

Na kipindi kikikosekana, punguza maji anayokunywa, na madafu usimpe kabisa. Najua huku kwetu mgonjwa akilegea wa kwanza kuitwa ni mkwezi. Dafu lina potasiamu nyingi, figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Ndizi na maembe vivyo hivyo.

BintiKilifi:
Shangazi alimletea madafu jana. Nimeyaondoa. Tumeshapanda tuktuk, tunaelekea dharura. Karani, hiyo karatasi ya kwamba alifika, nani anaisaini?

Karani_Rekodi:
Msimamizi wa zamu. Ipigwe muhuri, na upige picha mbili kabla hujaikabidhi kwa mtu yeyote.