MREJESHO: Kujua chumvi iliyomo kwenye vyakula vya pakiti

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kujua chumvi iliyomo kwenye vyakula vya pakiti, kwa kuwa daktari amemwambia mama aipunguze kwa ajili ya presha, na lebo nyingi zinaandika sodiamu tu (madini yaliyomo ndani ya chumvi). Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Aliyesema nizidishe sodiamu kwa 2.5 ili nipate chumvi, Mungu akubariki. Na yule aliyesisitiza nianze na kipimo cha mlo mmoja ndiye aliyenifungua macho kabisa. Supu anayoipenda mama imeandikwa miligramu 400 za sodiamu kwa mlo, lakini pakiti ina milo 3 na yeye huimaliza peke yake. Hiyo ni miligramu 1,200, yaani gramu 3 za chumvi, wakati WHO inashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima!

Sasa nalinganisha bidhaa kwa safu ya gramu 100 kwenye jedwali la virutubisho la pakiti. Mkate tumeshabadilisha, biskuti pia (chumvi imo, jamani, hata kwenye zile tamu).

Palipokwama: bidhaa nyingine hazina jedwali kabisa. Nilitazama orodha ya viambato mlivyonielekeza, kwamba kilichotangulia ndicho kingi zaidi kwa uzito, ila kiasi chenyewe hakisemwi. Hizo tumeziacha. Supu yenye chumvi kidogo nayo mama ameikataa katakata, tumekubaliana anywe ile ile, nusu pakiti.

Presha bado tunaifuatilia kliniki.