Msaada: Video ya harusi ya 4K inakwamakwama kwenye TV, na kifurushi nimeshaongeza

MpangajiSinza
Wakuu, habari za jioni.

Nina video ya harusi ya mdogo wangu. Kameramani alinipa sehemu ya ukumbini kama ilivyotoka kwenye kamera, haijakatwa, maana mama anataka kumwona kila mtu aliyesimama kucheza, siyo ile fupi yenye muziki wa kuwekewa. Ni saa moja na nusu, 4K, faili moja la GB 95. Liko kwenye laptopu yangu chumbani, nimeweka Jellyfin (programu ya kurusha video kwenda TV), na TV ya inchi 55 iko sebuleni. Zote zinatumia waifai ya ruta moja.

Sasa shida: inacheza kidogo, duara linazunguka, inacheza tena, inaganda. Bibi harusi anaingia ukumbini kwa awamu. YouTube ya 4K kwenye TV hiyohiyo inateleza vizuri tu. Nimepandisha kifurushi kutoka Mbps 20 mpaka 50, hakuna kilichobadilika, na wa huduma kwa wateja ananishauri nipande mpaka 100.

Mama anashuka kutoka Korogwe wikiendi hii na shangazi wawili. Nipandishe kifurushi, au ninunue ruta nyingine? Nawasilisha.

KijanaWaTabata
Weka kwenye flashi, chomeka kwenye TV, maisha yaendelee.

MpangajiSinza
@KijanaWaTabata nilijaribu hadidiski ya nje, mkuu. TV inaliona faili, nikilibonyeza inasema haiwezi kulicheza. Hakuna picha wala sauti.

FundiKebo
Mkuu, hela ya kifurushi mnunulie mama samaki. Video inatoka chumbani kwenda sebuleni, haiendi kwa mtoa huduma wala hairudi. Unachofanya ni kudai presha zaidi ya bomba la mtaani wakati maji unayoyataka yako kwenye simtanki lako mwenyewe. Kama huamini, chomoa waya wa intaneti unaotoka nje, acha ruta iwake, kisha cheza video. Itakwama vilevile kama inavyokwama leo.

Sasa tupige hesabu. GB 95 mara 8 ni gigabiti 760, yaani megabiti 760,000. Saa moja na nusu ni sekunde 5,400. Gawanya, unapata kama Mbps 140. Ukitaka faili hilo lifike kwenye TV kama lilivyo, lazima mtandao wa ndani ubebe 140 bila kupumzika. YouTube wanapendekeza Mbps 20 kwa 4K, Netflix wanasema 15. Ndiyo maana huko kunateleza: kwao video imeshabanwa kabla haijakufikia.

Halafu waifai yenyewe. Kama uko kwenye bendi ya 2.4 GHz, na hapo Sinza kila ukuta una ruta ya jirani nyuma yake, kupata 40 halisi ni bahati. Hiyo bendi ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na mtaa mzima umerundikana humo. Juu ya hilo, laptopu yako nayo iko hewani. Kila kipande cha video kinapanda kutoka laptopu kwenda ruta, kisha kinashuka kutoka ruta kwenda TV, kwa hewa ileile. Umekula nafasi mara mbili.

Kwa hiyo: laptopu ichomeke kwa kebo kwenye ruta, TV ihamie 5 GHz, na ruta itoke chumbani isogee sebuleni kama waya unafika. 5 GHz ina kasi ila inachoka haraka kwenye kuta za tofali.

MamaTunu
Kwa nini asichomeke kebo kwenye TV pia amalize? Mimi kwangu nilipiga waya mpaka nyuma ya TV na sijawahi kuona duara tena.

FundiKebo
@MamaTunu kwa filamu za kawaida uko sahihi kabisa, dada. Ila kwa faili hili kebo ni mtego. Tundu la mtandao kwenye TV nyingi, hata za bei mbaya, ni la Mbps 100, na ukitoa mzigo wa mtandao wenyewe inabaki kama 95. Yeye anahitaji 140. Waifai ya 5 GHz kwenye chumba kimoja na ruta inaweza kuipita kebo hiyo mara mbili. Watu wanashangaa kusikia hivyo, lakini watengenezaji wa TV hawaoni sababu ya kuweka tundu la gigabiti wakati Netflix inaomba 15.

Na upande wa laptopu, kagua kebo yenyewe. Ndani kuna nyaya nane. Gigabiti inazihitaji zote nane, Mbps 100 inatosheka na nne. Kuna mafundi wanabana nne tu, taa inawaka, mteja analipa, anaondoka na furaha.

MzeeWaKodeki
Vijana mnahangaika na mtandao, na jibu ameshaliweka mwenyewe juu hapo. Hadidiski imechomekwa moja kwa moja, hakuna ruta, hakuna waifai, na TV bado imelikataa faili. Maana yake TV haiwezi kulifungua. Sasa kama haiwezi, kupitia Jellyfin linachezaje, hata kama ni kwa kukwama? Ni kwa sababu laptopu inalifungua na kulisimba upya papo hapo katika umbo ambalo TV inalielewa. Hiyo ni kazi nzito sana kwa 4K. Ikichelewa, TV inamaliza ilichonacho na kusubiri. Duara lako linatoka hapo.

@MpangajiSinza fanya mambo mawili. Cheza video, na wakati imekwama fungua dashibodi ya Jellyfin kwenye laptopu uone imeandika nini chini ya jina la TV, na utazame prosesa iko asilimia ngapi. Kisha pakua programu inaitwa MediaInfo, ni ya bure, fungua faili lako nayo, utuletee inachosema kuhusu video na sauti. Na laptopu ni ya kizazi gani?

MpangajiSinza
Laptopu ni Core i5 kizazi cha 5, RAM GB 8. Prosesa inagonga 100 na feni inalia kama ndege inataka kuruka. Dashibodi inaonyesha kweli inabadilisha video, siyo kuicheza moja kwa moja.

MediaInfo inasema: AVC, 4:2:2, biti 10, Mbps 140, ukubwa 3840 kwa 2160, fremu 25. Sauti PCM.

@FundiKebo hesabu yako imegonga palepale, heshima mkuu.

MzeeWaKodeki
Basi mgonjwa amepatikana. AVC ndiyo H.264, njia mojawapo ya kubana video; H.265 ni mdogo wake mpya zaidi. Chipu za TV zinafungua H.264 ya biti 8 yenye rangi za 4:2:0 (taarifa za rangi zimepunguzwa ili faili liwe dogo), na H.265 ya biti 8 au 10, nayo ya 4:2:0. Hiyo 4:2:0 ndiyo iko kwenye YouTube, kwenye Blu-ray, kwenye matangazo ya TV. Kamera za kazi za siku hizi, mfano Sony A7S III ya 2020 au A7 IV ya 2021, zinaweza kurekodi 4:2:2 ya biti 10, ambayo inahifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi ili mhariri apate nafasi ya kuzirekebisha baadaye. Ni chakula cha mhariri, hakikupikwa kwa ajili ya sebule.

Na laptopu yako inateseka mara mbili. Chipu nyingi za picha hazina uwezo wa kufungua H.264 ya 4:2:2, hivyo prosesa inabeba peke yake. Kisha kusimba upya nako ni hukohuko: Intel waliweka usimbaji wa H.265 ndani ya chipu kuanzia kizazi cha 6 kwa biti 8 na cha 7 kwa biti 10. Wewe uko cha 5. Hata ukinunua ruta ya milioni, prosesa itabaki 100.

Suluhisho: ibadilishe mara moja kabla, siyo wakati wa kutazama. Programu ya HandBrake, ya bure. Chagua H.265 ya biti 10, weka wastani wa kbps 35,000, sauti AAC, itoke MP4. Kwa saa moja na nusu utapata faili la kama GB 24, na Mbps 35 inapita popote, 5 GHz, kebo ya TV, hata hadidiski. Ila hadidiski iwe imefomatiwa kwa exFAT. Ukiwa na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4.

La asili usilifute. Hilo la GB 95 ndilo kumbukumbu.

MpangajiSinza
Nimeiwasha HandBrake sasa hivi. Inaniambia zaidi ya saa 24 😩

MzeeWaKodeki
Kwa i5 hiyo sishangai. Simamisha, kata dakika mbili tu za majaribio uone kama TV inazipokea. Zikicheza, una njia mbili. Ya kwanza, shusha mpaka 1080p, yaani Full HD, H.264 biti 8, Mbps 15. Itakwisha haraka zaidi, na mama akiwa amekaa mita tatu kutoka inchi 55 sidhani kama atalalamika. Ya pili, mwombe mwenye mashine yenye nguvu akufanyie. Mwenye mashine hiyo unamjua.

PwaniTulivu
Niko Mombasa, na mimi nina shida karibu hiyo. Nilirekodi mahafali ya mtoto kwa iPhone, 4K fremu 60. Kwenye TV inakwama nikiicheza kutoka kwa kompyuta, lakini nikiiweka kwenye diski na kuichomeka inacheza safi kabisa. Je, na mimi nibadilishe?

FundiKebo
@PwaniTulivu wewe usibadilishe chochote. Ikicheza kwenye diski, TV inaielewa. Kwa H.265 iPhone hiyo inakula kama MB 400 kwa dakika, yaani Mbps 53 hivi. 2.4 GHz inashindwa, 5 GHz haishindwi. Tatizo lako ni hewa tu.

KijanaWaTabata
Kumbe ushauri wangu wa flashi ndio kipimo chenu nyote. Karibuni tena.

MpangajiSinza
Dakika mbili za majaribio zimecheza bila kukwama hata mara moja, kwa waifai na kwa hadidiski. Ila sasa naona kitu kingine: rangi zimepauka. Gauni jeupe ni kijivu, nyuso zina ukungu. HandBrake imeharibu?

MzeeWaKodeki
Haijaharibu. Kwenye laptopu fungua faili la asili uone, litakuwa limepauka vilevile. Kameramani alirekodi kwa S-Log3 au kitu cha ukoo huo. Picha inatoka imefifia makusudi ili taa za ukumbi zisiunguze gauni na suti nyeusi zisizame gizani, kisha mhariri anarudisha rangi. Wewe umepewa kabla hajazirudisha.

Kwa hiyo acha kuiumiza laptopu. Hata ungemaliza saa 24 ungempa mama harusi ya ukungu. Mtumie kameramani ujumbe kama huu, leo, maana wikiendi ndiyo kazi zake: "Kaka, ile ya ukumbini naomba nzima bila kukata, irekebishwe rangi, H.265 biti 10 ya 4:2:0, 4K fremu 25, wastani Mbps 35, sauti AAC, MP4, kwa ajili ya TV. Ikibidi 1080p kwanza, poa." Ataelewa kila neno. Akikuuliza kwa nini, mwambie TV imekataa 4:2:2.

MpangajiSinza
Amejibu. Anasema rangi atazipitisha kwa pamoja, siyo kipande kwa kipande, na niende na hadidiski ofisini kwake Ijumaa mchana. Ameomba elfu ishirini ya usumbufu. Kifurushi nimekirudisha 20.

MamaTunu
Elfu ishirini ni ndogo. Nenda na hadidiski mbili, moja ibaki kwa mama.