Naomba ushauri: kilomita 42 za Kili baada ya miaka miwili bila kukimbia

Wakuu, habari za leo. Nina miaka 38, naishi Dar. Zamani nilikuwa nakimbia vizuri tu, kilomita 21 mara mbili, kisha goti la kushoto likaanza kuuma nikaacha. Miaka miwili imepita, kitambi nacho kimekuja bila hodi.

Sasa nataka kukimbia zile 42 za Kilimanjaro Marathon, Moshi, mwezi Februari. Nina miezi saba. Wiki ya tatu hii natoka saa kumi na moja alfajiri kabla joto halijaanza, Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi. Nakimbia dakika tano, natembea mbili. Goti bado limetulia, ila siliamini.

Kinachonitisha hasa ni kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka. Huku kwetu ni tambarare, mlima nautoa wapi? Nimefikiria Jumamosi niwe naenda Pugu. Kuna aliyejaribu?

Halafu, zile mbio ndefu za wikendi niziongeze kwa kasi gani bila kuliamsha goti? Mke wangu anasema nianze na 21 kwanza. Msimuunge mkono haraka.