Nimenunua kochi la kulalia la zamani, ndani nimekuta usumba! Nitupe au nibakize?

BintiChumbageni:

Wakuu habari zenu. Mimi ni wa Tanga, ila naishi Leicester mwaka wa nane sasa. Mwezi uliopita niliingia kwenye mnada wa vitu vya nyumbani kutafuta meza ya kupigia pasi, nikatoka na kochi la kulalia. Lile ambalo Wafaransa wanaliita chaise longue, maana yake kiti kirefu tu, hamna la ajabu. Lina kichwa upande mmoja, mgongo unateremka mpaka unaishia katikati, miguu minne minene ya kukerezwa. Pauni 90. Mume wangu alivyoliona mlangoni akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

Jumamosi watoto walipokwenda madrasa nikalipindua. Juu ni mahameli ya kijani, imelika mpaka inang'aa pale mtu anapoegemeza kiwiko. Chini ya mahameli kuna kitambaa cha maua, chini ya maua kuna chekundu kimeoza, ukikigusa kinabaki kidoleni. Halafu gunia. Nikalichana kidogo kwa wembe, zikatoka nywele nyeusi, ndefu, zimejikunja. Niliruka jamani! Nilipotulia nikaingiza mkono tena, chini ya zile nywele nikavuta kitu cha kahawia. Nikakisugua, nikakinusa. Usumba. Usumba wa nazi, ule ule bibi yangu alikuwa akifukia makumbi kwenye tope la ufukweni miezi na miezi, kisha anayafukua na kuyatwanga asokote kamba. Nimekaa sakafuni Leicester nimeshika usumba, machozi yananitoka, sijui hata kwa nini.

Pembeni ya kiti nimeokota pia pini ya nywele na peni moja, sarafu ya Kiingereza ya mwaka 1897 yenye kichwa cha Malkia Victoria.

Sasa maswali. Hiyo peni inatosha kunihakikishia kwamba kochi ni la wakati huo? Na fundi wa hapa anataka pauni 850, kitambaa juu yangu. Anasema atakomba vyote vya ndani aweke sponji. Nimkubalie?

Mtoto_wa_Keko:

Dada, weka sponji. Hapa Keko tungekumalizia kwa siku mbili, sponji ngumu, kitambaa unachagua mwenyewe, na chenji inabaki. Nywele za farasi utazilaliaje? Na huo usumba si ndio tunasugulia masufuria.

BabuNyundo:

Binti yangu wa Chumbageni, subiri kwanza. Nimevisha makochi Bristol miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa Mombasa.

Tuanze na peni. Haikuhakikishii kitu. Peni za Victoria ziliendelea kutumika madukani hapa mpaka 1971, Uingereza ilipobadili hesabu ya fedha. Mtu anaweza kuwa aliidondosha mwaka 1965 akiangalia televisheni. Iweke kabatini, wajukuu watacheza nayo.

Ushahidi uko kwenye mbao. Bandua kitambaa cha chini chote, umulike tochi fremu. Ukiona vishimo vya vimisumari vimejaa, safu juu ya safu, kochi limevishwa mara nyingi. Wewe umeshahesabu nguo tatu. Ukiona pini za stepla peke yake na hakuna vishimo vya zamani, umeuziwa la juzi lililopakwa rangi ya uzee. Angalia na skrubu: yoyote ya bisibisi ya nyota haikuwahi kuwepo kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo ama kochi ni jipya ama lilitengenezwa baadaye. Miguu ina vigurudumu? Vya shaba vyenye gurudumu jeupe la kauri ni dalili nzuri, Waingereza wa karne ya 19 walivipenda sana.

Usumba wako haukunishangaza hata kidogo. Mafundi wa hapa waliutumia kwa safu ya chini kwa sababu ni mgumu, haubonyei ovyo. Juu yake ndio nywele za farasi, kwa sababu zinanesa na kurudi. Nywele nzuri ya farasi inakaa miaka mia. Sponji niliyowahi kuitoa mimi, ya miaka ya 60, ilikuwa unga. Unaishika, inamwagika kama chenga za mkate.

Kwa hiyo zisitupwe. Toa nywele nje, vaa barakoa maana vumbi lake si la kuchezea. Zitie ndani ya foronya, funga, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anika. Zikikauka kaa chini uzichambue kwa vidole, kama tulivyokuwa tukichambua sufi ya magodoro. Usumba ukiwa haujaoza, ukung'ute tu, usiutie maji.

Springi zibonyeze moja moja. Inayolia au kulala upande, kamba yake imekatika. Hiyo kamba usidhani ni katani ya kwenu Tanga. Mara nyingi ni kitani. Kufunga springi mwachie fundi, ila tafuta anayekubali kurudisha vya ndani. Na jambo moja la sheria: kanuni za hapa Uingereza za 1988, za usalama wa samani dhidi ya moto, haziyagusi makochi yaliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Lakini ukitia sponji mpya, hakikisha ni ile inayohimili moto na ina lebo yake.

Mtoto_wa_Keko:

Shikamoo Babu. Nimefunga mdomo.

MkeWaKapteni:

Mwenzangu, mimi nililinunua la aina hiyo bila kulilalia. Kichwa kiko kushoto, na sebuleni kwangu penye nafasi ni pembe moja tu. Nikijilaza natazama ukuta, televisheni iko kisogoni. Wewe la kwako kichwa kiko upande gani? Pima kabla hujatoa hiyo 850.

BintiChumbageni:

Babu, marahaba za huyo kijana mpe, na mimi yangu shikamoo.

Nimemulika. Vishimo ni kama upele, siwezi kuhesabu. Skrubu zote ni za mfereji mmoja. Vigurudumu viko vitatu vya kauri, cha nne kimebadilishwa na kipande cha mpira, ndiyo maana linayumba! Springi nimezibonyeza: kumi na saba nzima, mbili zinalia.

Dada Mke wa Kapteni, kichwa kiko kulia, dirisha liko kushoto, Mungu amenisitiri.

Nimempigia fundi mwingine, mama mmoja mzee wa Kiingereza. Nilipomwambia nywele nimeshaziosha mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akasema atachukua 600. Foronya tatu zinaning'inia bafuni sasa hivi zinachuruzika. Mume wangu ameoga akizisukuma pembeni, ametoka ananiuliza farasi mwenyewe analetwa lini.