Mnaofuta saa za diski chakavu na kutuuzia kwa bei ya mpya, mnatuharibia seva zetu za nyumbani

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa na hasira wala sitajaribu kuificha, ingawa nitajitahidi kuchagua maneno ili wahusika wasipate kisingizio cha kusema kwamba wametukanwa. Malalamiko yangu yanawahusu wafanyabiashara wa vifaa vya kompyuta hapa Dar es Salaam wanaochukua diski zilizofanya kazi kwa miaka, ambazo kihesabu cha saa zilizowashwa kimerudishwa karibu na sifuri, wakazifuta vumbi, wakazitia kwenye mfuko mpya wa plastiki uliofungwa kwa joto, kisha wakazitoza bei kamili ya diski mpya.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, wapo watu wengi humu ambao, kama mimi, wamejenga seva ndogo majumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhudumia vifaa vingine vya nyumbani, kwa kuungaunga. Yangu ni kompyuta ya ofisini ya Dell OptiPlex yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, niliyoinunua mtumba ikiwa na kibandiko cha ofisi fulani ya Ulaya ambacho hakuna aliyejisumbua kukibandua. Diski zimekaa kwenye fremu ya mbao aliyonichongea seremala wa mtaani, feni imeshikwa kwa vibano vya plastiki, na betri ya UPS, kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda unapokatika, ilitolewa kwenye UPS nyingine iliyokufa. Ndani yake ninaendesha mfumo endeshi wa Debian, Jellyfin kwa ajili ya filamu na muziki wa familia, Nextcloud kwa ajili ya picha na nyaraka, pamoja na Pi-hole ya kuzuia matangazo. Kwa wastani mashine inakula wati 40, yaani karibu uniti 29 za LUKU kwa mwezi, jambo ambalo mama watoto hulitaja kila umeme unapokaribia kwisha.

Nayaeleza haya ili isije ikaonekana kwamba naudharau mtumba. Karibu kila kipande cha seva hii kilitumiwa na mtu mwingine kabla yangu, na aliyeniuzia kompyuta yenyewe aliniambia waziwazi kwamba tundu moja la USB ni bovu, akapunguza bei, tukaagana vizuri, na mpaka leo nawaelekeza watu kwake. Kitu pekee nilichoamua kukinunua kipya ni diski, kwa sababu diski ndiyo sehemu ya seva ambayo ikifa hasara yake hailipiki dukani. Prosesa ikiungua utapata nyingine, lakini picha za harusi ya dada yako haziuzwi mahali popote.

Basi nilinunua diski mbili za Seagate IronWolf za terabaiti 4 katika duka moja la katikati ya jiji, ambalo sitalitaja jina, kwa laki tatu na nusu kila moja. Mtengenezaji simlaumu hata kidogo. Aina hii imekusudiwa kufanya kazi usiku na mchana, na huja na dhamana ya miaka mitatu. Mfuko ulikuwa umefungwa, kibandiko kiling'aa, na amri ya kawaida ya kusoma taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, ilionyesha kwamba kila diski ilikuwa imewashwa kwa muda usiofika saa kumi, kiasi ambacho mtu anaweza kukielewa kama majaribio ya kiwandani. Mtu wa kawaida angeishia hapo, na ndicho wanachokitegemea hawa jamaa.

Kilichonifanya nisiishie hapo ni mdomo wa diski. Vile vipande vya shaba vinavyoingia kwenye waya wa SATA vilikuwa na mistari ya kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi, na matundu ya skrubu pembeni yalikuwa yamekwanguliwa rangi. Diski ambayo haijawahi kufungwa kwenye kifaa chochote haiwezi kuwa na alama za skrubu.

Diski za Seagate za miaka ya karibuni zina kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, iliyo tofauti na SMART, ambayo huandika saa ilizowashwa, saa ambazo vichwa vya kusomea vimekuwa vikielea juu ya sahani, na mambo mengine ya afya yake. Programu ya smartmontools inaweza kuisoma kuanzia toleo la 7.4, lililotoka mwaka 2023, kwa amri ya smartctl -l farm. Niliiendesha. Diski ya kwanza ilikuwa na zaidi ya saa 31,000 na ya pili zaidi ya 29,000. Kwa kuwa mwaka mmoja una saa 8,760, hiyo ya kwanza ilikuwa imezunguka kwa miaka mitatu na nusu bila kupumzika, huku SMART yake ikidai kwamba ilizaliwa juzi. Nilipoingiza namba yake ya utambulisho kwenye tovuti ya mtengenezaji, jibu likaja kwamba dhamana ilikwisha kabla hata sijaingia dukani.

Saa za SMART hazijifuti zenyewe, wala mtoto hawezi kuzifuta kwa bahati mbaya. Ni lazima mtu aketi na vifaa vinavyofikia programu ya ndani ya diski, aondoe saa, aondoe idadi ya sekta (vipande vya kuhifadhia data) zilizohamishwa baada ya kuharibika, kisha aifungashe upya. Hiyo ni kazi ya kukusudia, yenye gharama na ujuzi, na inafanywa kwa sababu ipo faida kati ya bei ya chakavu na bei ya mpya. Kwa hiyo anayeniambia kwamba "labda ni bahati mbaya tu" namwomba asinipotezee muda.

Nilirudi dukani na kompyuta mpakato nikamwonyesha muuzaji. Jibu la kwanza lilikuwa, "Bosi wangu, si inasoma lakini?" Jibu la pili lilikuwa kwamba mzigo unatoka Dubai na yeye anaupokea ukiwa umefungwa. Jibu la tatu lilikuwa kidole kilichonyooshwa kwenye karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipodai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ambayo nilikuwa nimeahidiwa kwamba ningeipata "mtandao ukirudi", niliambiwa kwamba bei niliyolipa haikuwa ya risiti. Naomba msomaji aitafakari kauli hiyo kwa sekunde chache. Maana yake ni kwamba duka limejipanga tangu mwanzo lisiwe na ushahidi wowote wa kuniuzia kitu, na kwamba mimi ndiye ninayeonekana mkorofi kwa kuudai.

Kuna watakaosema kwamba diski yenye saa 31,000 bado inaweza kuishi miaka mingine. Inaweza, na mimi mwenyewe ningeinunua kwa bei yake halali kwa ajili ya filamu ambazo naweza kuzipakua tena. Lakini mtu anayepanga seva hupanga kulingana na umri wa diski zake. Mimi naziweka mbili zikibeba nakala ileile kwa mfumo wa faili wa ZFS, ili moja ikifa nyingine iendelee. Hesabu hiyo inategemea kwamba hazitakufa pamoja. Ukiuziwa diski mbili zilizotoka kwenye mashine moja, zilizozunguka kwenye joto lilelile kwa miaka ileile, unakuwa na vikongwe wawili waliofungwa kamba moja: siku mmoja anapoanguka, unamwamuru aliyebaki akimbie mbio ndefu kuliko zote. Maana kurudisha nakala kwenye diski mpya ni kusoma data yote iliyo kwenye ile iliyobaki, na ikiwa imejaa, terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa saba za kazi mfululizo, endapo umeme hautakatika katikati. Betri yangu ya UPS, kwa wasifu niliokwisha kuutoa, haina uwezo wa kusubiri saa saba.

Tusijidanganye pia kwamba jambo hili ni la hapa kwetu tu. Mwezi Januari 2025 tovuti ya habari za teknolojia ya Heise ya Ujerumani iliripoti kwamba wanunuzi walikuwa wameuziwa diski za Seagate kama mpya ilhali FARM ilionyesha maelfu kwa maelfu ya saa, na ikashukiwa kwamba nyingi zilitoka kwa wachimbaji wa sarafu ya kidijiti ya Chia, ambayo hutumia nafasi ya diski na ambayo mwaka 2021 iliwafanya watu wanunue diski kwa malori kabla thamani yake haijaporomoka. Tofauti ni kwamba kule mnunuzi alikuwa na risiti, na duka lilijua kwamba mteja mwenye risiti ana pa kwenda.

Kwetu naona chanzo kingine kilicho karibu zaidi, nacho ni mashine za kurekodi kamera za ulinzi. Kila hoteli, kituo cha mafuta na ghala lina kisanduku chenye diski inayoandika saa ishirini na nne. Kisanduku kikibadilishwa, diski haitupwi. Diski ya kamera ya aina ya WD Purple au SkyHawk inayoletwa kwa fundi leo inaweza kuwa kesho kwenye kabati la kioo, imepanguswa vizuri, ikisubiri mtu wa seva. Siwezi kusema kwamba zangu zilitoka huko, lakini yeyote aliyewahi kufungua mashine hizo anajua ni diski ngapi zinapita kwenye mikono ya mafundi kila mwaka, na hakuna anayezikuta zikiuzwa kwa jina la chakavu. Zinakwenda wapi?

Nawajua pia watakaokuja kunishauri nilipie nafasi ya mtandaoni na kuachana na mbao na vibano. Huo ni uzi mwingine. Mtu anayefurahia kufuga kuku haambiwi akanunue mayai. Kwanza, gharama ya kila mwezi kwa terabaiti kadhaa, ikijumlishwa na bando la kuzipandisha, haielekei popote. Pili, burudani yenyewe ndiyo shule ambayo vijana kadhaa humu wamejifunzia kazi wanazofanya sasa kwenye vyumba vya seva vya waajiri wao. Kuna kijana anayekusanya akiba kwa muda mrefu apate diski moja, na huyo ndiye anayeuziwa takataka kirahisi kuliko sisi, kwa sababu hajui kwamba FARM ipo.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyopewa jukumu la kuisimamia. Karatasi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" haimpi mtu ruhusa ya kuniuzia kitu ambacho sicho alichokitaja. Nimeandaa malalamiko yangu kwa maandishi, pamoja na picha za skrini na za midomo ya diski, na nitayapeleka hata kama wenzangu wananicheka kwamba najisumbua kwa laki saba.

Wakati huo huo nawaomba wanunuzi wenzangu tuache upole. Nenda na kompyuta mpakato na adapta ya kutoka SATA kwenda USB. Chomeka diski hapohapo kaunta kabla pesa haijatoka mfukoni, soma SMART, soma FARM kama ni Seagate, na uhakikishe kwanza nyumbani kwamba adapta yako inapitisha amri hizo, kwa sababu nyingine hazipitishi. Namba ya utambulisho iandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa diski isichomekwe eti mfuko ukifunguliwa haiuziki tena, mwachie mfuko wake. Kipimo kirefu cha smartctl -t long hakiwezekani kaunta kwa sababu kinachukua saa nyingi, kwa hiyo kubaliana naye kwa maandishi kuhusu siku chache za kukagua. Na zile diski za nje za USB zinazodai terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha jioni, ambazo ukizipasua unakuta kadi ndogo ya kumbukumbu imebandikwa kwa gundi, hizo hata sizihesabu kwenye malalamiko haya. Programu ya f3 inazifichua mapema.

Ninachokidai kwa wauzaji ni kidogo mno. Andikeni "mtumba" kwenye mtumba, acheni saa zake kama zilivyo, wekeni bei inayolingana na saa hizo, nasi tutanunua. Soko lake ni kubwa, na wa kwanza kwenye foleni nitakuwa mimi.

Kwa kuanzia, naomba kila mwenye diski ya Seagate aliyouziwa kama mpya aendeshe amri ya smartctl -l farm, kisha aweke hapa chini saa za SMART na saa za FARM, mwaka aliouziwa na mji. Ficheni namba za utambulisho, na majina ya maduka tuyaache kwanza mpaka wasimamizi waseme utaratibu. Wauzaji wanaopita humu kimyakimya nao wanakaribishwa kujibu, na swali langu kwao ni moja: nani hasa anazifuta hizo saa, ninyi mlio hapa mjini au huyo anayewaletea mzigo?

Naomba kuwasilisha.